Primeval: msianzie msimu wa tatu

Dada, nimekuelewa: mwanao wa miaka 7 anapenda dinosaria, na huko nyumbani mna msimu wa tatu tu wa Primeval, tamthilia ya TV ya Uingereza kuhusu viumbe wa kale na wa siku zijazo wanaotokea zama zetu. Msianzie hapo. Mwishoni mwa msimu wa kwanza (ITV, 2007, vipindi 6 tu) historia inabadilika na Claudia Brown, mmoja wa wahusika wakuu, anafutika kana kwamba hakuwahi kuwepo. Mkiliruka hilo, Jenny wa msimu wa pili, mwenye sura ile ile ya Claudia, atawachanganya. Kuhusu umri, mimi ningesubiri kidogo. Watu wanaliwa, na yule mnyama mwindaji wa siku zijazo, mzao wa popo, anatisha hata wakubwa. Itazame kwanza peke yako. Mtoto akianza kuweweseka usiku, zima. Ikiendelea, muone daktari wa watoto. Halafu mwambie gorgonopsidi, yule mnyama wa kale wa kipindi cha kwanza, si dinosaria, atafurahi kukusahihisha wewe siku nyingine!