Mama Karani anajibu: "Kwao mshahara unapigiwa kura. Sisi je?"

*Jambo Mama Karani. Mimi ni zamu, mlinzi wa usiku, kwenye depo moja ya vinywaji hapa Katuba, Lubumbashi, mwaka wa sita sasa. Mdogo wangu alihamia Marekani, jimbo la Missouri, anafanya kazi kwenye kiwanda cha nyama. Juzi amenitumia sauti kwenye simu, anacheka, anasema mwaka huu mshahara wa chini kwao umefika dola 15, tena haikuamua serikali, ni watu wenyewe waliulizwa kwenye kura. Mimi patron, mwajiri wangu, ananipa franka 220,000 kwa mwezi. Nikimtajia SMIG, ule mshahara wa chini wa kisheria hapa Kongo, anasema hiyo ni ya makampuni ya madini. Mama, kwa nini sisi hatuulizwi? Na wakituuliza, nani atasema hapana?*
*Zamu wa Katuba*

Papa Zamu, tuanze na hesabu, kwa sababu barua yako imeruka kitu. Zile dola 15 ni za saa moja. SMIG yetu inahesabiwa kwa siku. Usije ukaweka namba hizo mbili sambamba halafu ukakosa usingizi, na wewe kazi yako yenyewe ni ya usiku. Mdogo wako naye analipa nyumba na bima kwa dola hizo hizo.

Lakini hakukudanganya. Tarehe 5 Novemba 2024, siku ile ile ya kumchagua rais, watu wa Missouri walikuta swali kwenye karatasi ya kura. Liliingia kwa saini: raia walizunguka na makaratasi, wakakusanya saini mpaka zikatosha kisheria. Swali lilikuwa hivi kwa kifupi: mnataka mshahara wa chini utoke dola 12.30 uende 13.75 Januari 2025, kisha 15 Januari 2026, na kuanzia 2027 upande kila mwaka kufuata bei za vitu? Tena mfanyakazi apate saa moja ya likizo ya ugonjwa yenye malipo kwa kila saa 30 alizofanya kazi? Ndiyo ilipita kwa zaidi ya asilimia 57.

Na hapa ndipo mimi niliposoma mara mbili. Jimbo lile lile, siku ile ile, lilimpa Trump kura asilimia 58 hivi. Yaani kuna watu wengi waliochagua upande ambao viongozi wake kwa kawaida hawapendi sheria za namna hii, halafu kalamu ikashuka chini kidogo kwenye karatasi ile ile ikaweka alama kwenye Ndiyo. Mtu akiulizwa habari ya chama anajibu kwa moyo. Akiulizwa habari ya mshahara anajibu kwa mfuko. (Mdogo wako, kama bado hajapata uraia, hakupiga kura hiyo. Alivuna tu.)

Si Wamarekani wote wanaoulizwa. Mshahara wa chini wa nchi nzima kule umesimama kwenye dola 7.25 tangu Julai 2009. Iowa na Kentucky, majimbo ambako Wakongo wetu wengi wamejaa, bado wako kwenye 7.25, na katiba zao haziwapi raia njia ya kukusanya saini wakapeleka sheria kama hiyo kwenye kura. Kwa hiyo ndugu wawili waliotoka Katuba siku moja, mmoja akaangukia Missouri na mwingine Iowa, sheria inawawekea sakafu mbili zilizo mbalimbali kabisa.

Sasa sikia ambacho mdogo wako hakukuambia kwenye ile sauti. Likizo ya ugonjwa ilianza tarehe 1 Mei 2025. Mwezi wa saba gavana akatia saini sheria nyingine iliyopitishwa na wabunge, na tarehe 28 Agosti likizo ile ikazimwa. Haikufikisha hata miezi minne. Na kile kipengele cha kupanda kila mwaka kufuata bei, nacho kikafutwa. Dola 15 zimebaki, ila hazina tena miguu. Waliwezaje, wakati watu walishasema Ndiyo? Kwa sababu kura ile iligusa sheria ya kawaida, na sheria ya kawaida wabunge wanaweza kuikata. Watu wa Florida mwaka 2020 walikuwa wajanja zaidi: wao waliiweka kwenye katiba ya jimbo. Ilihitaji asilimia 60, ikapata karibu 61, na mbunge peke yake hawezi kuigusa.

Ndiyo maana swali lako la "kwa nini hatuulizwi" silioni kuwa la kwanza. Kuulizwa tunaweza. Katiba yetu, kifungu cha 5, inaitaja kura ya maoni wazi kabisa. Mara ya mwisho tuliulizwa tarehe 18 na 19 Desemba 2005, ni katiba hiyo hiyo tuliyokuwa tunaipigia, na Ndiyo ilipata karibu asilimia 84. Nilikuwa kwenye mstari, jua la Desemba, mama mmoja mbele yangu ameleta kiti chake cha plastiki kutoka nyumbani. Lakini SMIG haipiti huko. Inawekwa kwa amri ya serikali, baada ya Baraza la Kitaifa la Kazi kutoa maoni yake, na humo wanakaa serikali, mapatron na masendika, yaani vyama vya wafanyakazi.

Shida yetu niliiona kwa macho, kwenye buku la mishahara. Mwaka 2018 SMIG iliwekwa franka 7,075 kwa siku. Kwa siku 26 ni 183,950. Wakati huo dola ilikuwa franka 1,600 hivi, basi mbeba mifuko wa daraja la chini kabisa alikuwa anashika kama dola 115. Namba ile haikuguswa mpaka 2025. Dola yenyewe mwaka 2024 ilikuwa imefika kwenye 2,800. Nilikuwa bado nakaa kwenye dirisha la malipo, mwaka wangu wa mwisho. Palikuwa na mzee mmoja, kila mwisho wa mwezi anaweka kidole kwenye mstari wa jina lake, anakisogeza polepole mpaka kwenye jumla, kana kwamba safari hii kidole kitakuta kitu kingine. Namba ile ile. Nje ya geti wabadilisha pesa wanamngoja, na pesa ile ile sasa inazaa dola 65. Unga tunaokula Lubumbashi mwingi unatoka Zambia, unapita Kasumbalesa, unanunuliwa kwa dola. Bukari, ugali wetu, haijui habari ya amri ya 2018. Hakuna aliyempunguzia mzee yule mshahara. Waliuacha tu umesimama.

Kwa hiyo mimi wakiniletea karatasi ya kura kesho, kabla ya kutazama namba nitatafuta sentensi inayosema namba itapanda lini tena, na nani atakayeipandisha. Kama haipo, naweza kuweka Ndiyo, lakini sitapiga vigelegele.

Sasa wewe. Amri ya 2025 ilipandisha SMIG hadi franka 14,500 kwa siku, kisha 21,500 kuanzia Januari 2026. Zidisha kwa 26: 559,000. Gawa 220,000 zako kwa 26: hazifiki hata 8,500 kwa siku. Na ile hadithi ya madini patron wako aiache. Ile herufi ya I katikati ya SMIG maana yake ni kwamba inahusu kazi za aina zote, na depo la bia limo. Zungumza naye kwanza, kwa heshima, mchana, na si mbele ya wateja. Akikataa, nenda kwa mkaguzi wa kazi. Hapo ndipo pa kuanzia kabla ya mahakama ya kazi. Mkaguzi atawaita wote wawili mkae mezani. Usiache miaka ipite, maana madai ya mshahara yana muda wake kisheria.

*Mama Karani, mimi nina tanuru ya mikate Kampemba, vijana watatu. Sisemi uongo: kura kama hiyo ikija nitaweka Hapana. Mimi ni mtu mbaya?*
*Mama Mikate*

Si mbaya, Mama. Na umemjibu Papa Zamu, aliyedhani hakuna wa kukataa. California, jimbo tajiri, mwaka huo huo wa 2024 waliulizwa kama mshahara wa chini ufike dola 18, na Hapana ikashinda kwa kura chache. Wengi waliogopa bei za vitu.

Hesabu yako naiona: vijana watatu, 21,500 kila mmoja, siku 26, ni franka 1,677,000 kabla hujanunua hata mfuko mmoja wa ngano. Ni mlima. Lakini ngano ikipanda unailipa bila kumwomba muuzaji akuonee huruma, na kuni vilevile. Kwa nini anayeombwa kuvumilia ni kijana anayeamka saa tisa ya usiku kukanda? Amri yetu ilikuja kwa ngazi mbili, Mei na Januari, ili watu kama wewe wajipange. Kama ngazi ya kwanza iliruka bila wewe, ya pili lazima ikuumize. Kaa nao, waonyeshe buku lako la mauzo, wazi, kurasa zote. Nimeona wafanyakazi wakikubali mambo magumu walipoonyeshwa buku. Waliofichwa buku sijawahi kuona wakikubali.

*Mama, sisi kwa mwajiri wetu tunasaini namba moja, tunapewa nyingine. Tufanye nini?*
*Hatujataja jina*

Mlivyofanya ni vizuri, msitaje. Nilipofanya kazi (mahali pia sipataji) palikuwa na buku mbili, la jalada la kijani kwa ajili ya mkaguzi na jeusi kwa ajili ya kulipa, na mimi nilizijaza zote mbili kwa mkono huu. Ndiyo sababu nawajibu sasa bila kupewa senti. Sheria inataka mpewe karatasi ya malipo. Iombeni. Wasipowapa, kila mmoja anunue kaye ndogo, daftari la kuandikia, na siku ya malipo, kabla hajatoka getini, aandike tarehe, namba aliyosaini, namba aliyoshika mkononi, na nani alimhesabia. Miezi mitatu mfululizo. Kisha mje na kaye zote pamoja, msije mmoja mmoja.