Umepangiwa chuo huku huku Pwani? Soma hii kabla hujaanza kulia

Kila KUCCPS, wale wanaopangia wanafunzi vyuo, wakitoa majina kuna vijana wa Kilifi na Kwale wananitumia meseji za msiba kabisa, ati nimetupwa Pwani University na mimi nilitaka Nairobi. Naelewa. Huku kwetu mtu akifaulu tumezoea anapanda basi la usiku, tunamuona Desemba na lafudhi mpya. Lakini mimi nilisoma hapo hapo Kilifi, mambo ya bahari na uvuvi, na kazi inayonilisha leo imetokana na kusomea karibu na maji kuliko hiyo karatasi ya digrii yenyewe, kwa hivyo tulia nikwambie.

Kwanza ujue umeingia wapi. Pale njia ya kwenda Malindi palikuwa na chuo cha kilimo, Kilifi Institute of Agriculture, 2007 kikafanywa chuo kishiriki chini ya Kenyatta University na 2013 ndio kikapewa chata ya kuwa chuo kikuu kamili. Mwaka huo huo Mombasa Polytechnic nayo ikawa Technical University of Mombasa. Hebu piga hesabu, uhuru ni 1963, yaani pwani nzima kutoka Vanga mpaka Kiunga tumekaa miaka 50 hatuna chuo kikuu cha umma kilichosimama chenyewe, halafu mtu wa bara akuulize mbona wapwani hawasomi. Taita Taveta wao walingoja mpaka 2016. Hiyo hasira weka mfukoni, itakusaidia kuamka asubuhi.

Ila chuo kuwa Kilifi hakumaanishi Kilifi inafaidika. Unaweza kumaliza miaka minne kati ya hosteli, lekcha na vibanda vya chipsi, ukatoka na digrii yako na hujawahi kuongea na mvuvi hata mmoja, na bahari uko nayo hapo chini. Wapo wengi tu.

Mimi nilizinduliwa na mzee mmoja kule Old Ferry, bandari ya wavuvi ya hapo Kilifi. Nilikuwa na ubao wangu wa kupimia samaki, napima samaki wa tasi mmoja mmoja naandika kwa daftari, jua la saa nne limeshaanza kuuma, yeye amekaa anashona wavu wala haniangalii. Akaniambia, "Mwanangu, hawa ndugu zako wanapima tasi tangu mimi nina meno yote. Sasa niambie, wamekua ama wamepungua?" Wenzake wakacheka mpaka basi. Na jibu lilikuwepo bwana, utafiti wa samaki wa pwani yetu umefanywa miaka na miaka, KMFRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa bahari na uvuvi, wako Mombasa tangu 1979, lakini liko kwa majarida ya Kiingereza na huyu mzee hakuna aliyerudi kumsomea.

Kwa hivyo ushauri wangu mkubwa ni huu: projekti ya mwaka wa mwisho usiitoe kwa mtandao, na usichukue ile ya mwenzako wa mwaka jana ukabadilisha jina la ufuo. Nenda kakae na watu kabla ya proposo. Mimi nilienda kwa wale wa malema. Kama hujui, lema ni ule mtego wa kusuka, samaki anaingia mdomoni halafu kutoka hajui, wakubwa kwa wadogo wote wamo. Watafiti walishajaribu huku kwetu malema yenye upenyo ubavuni ili wadogo wapite, na kwa kitabu inafanya kazi, mdogo anatoka akakue akazae. Lakini wavuvi swali lao lilikuwa la kikwao, je, jioni nitabaki na shilingi ngapi? Basi nikaacha kuhesabu samaki peke yake nikahesabu na pesa, lema la kawaida na lema la upenyo yametegwa sehemu moja, bamvua maji yakiwa makubwa na maji mafu yakiwa madogo, nauliza mchuuzi amelipa ngapi. Ndoo ilipungua ndio, lakini pesa haikushuka vile walivyokuwa wanaogopa manake mchuuzi anatazama saizi.

Nikamaliza, nikapata gredi yangu, ingeishia hapo. Lakini nilishamuahidi yule mzee, nikachapa karatasi moja, Kiswahili, herufi kubwa, nikaomba mwenyekiti wa BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, dakika chache kwa mkutano wao. Weee. Nilidhani napeleka majibu kumbe nimepeleka vita. Mama karanga mmoja akasimama (hawa ndio kina mama wa kukaanga samaki barabarani) akasema hao wadogo mnaotaka watoroke ndio wangu mimi, mteja wangu ana shilingi ishirini hana za changu mkubwa, sasa mimi nikaange upenyo? Hilo halikuwa kwa lekcha yoyote, supavaiza wangu mwenyewe aliposikia akanyamaza kidogo halafu akasema hapo ndio kuna masters yako. Na mpaka leo ukiniuliza nitakwambia yule mama alikuwa na hoja, ukibadilisha mtego bila kuwaza nani anakula nini utakuwa umelinda samaki na umefunga jiko la mtu.

Mkitaka kuona elimu ikitoka nje ya geti ikawa kitu, tembeeni Gazi kule Kwale. Mikoko Pamoja. Wanasayansi walishatafiti mikoko pale miaka mingi, wakahesabu kaboni iliyoko kwa hekta 117, na tangu 2013 wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanauza hiyo kaboni kwa wanaotaka kufidia moshi wao, pesa inaingia kwa maji na shule. Maji ya bomba kutokana na projekti ya mikoko! Hicho ndicho kipimo ningependa chuo chochote cha Pwani kipimwe nacho, tuache mambo ya idadi ya magauni siku ya mahafali.

Sasa ya haraka haraka. Jifunze kuogelea. Nacheka lakini siko kwa mchezo, tulikuwa na wenzetu wa kozi ya bahari, watoto wa Pwani kabisa, maji yakifika kiunoni wanaanza dua. Kazi nyingi za bahari zinataka mtu anayeingia majini, na ukipata nafasi ya cheti cha kupiga mbizi usiiachie, ni ghali sana kujilipia. Pili, takwimu. Ile unit watu wanaikimbia ndiyo itakayokupa kazi, anayejua kuchambua data haombi sana, anaitwa. Tatu, barua za atachimenti, yale mafunzo ya kazini, peleka mapema, usingoje Machi wakati kila komredi Kenya nzima anabisha mlango mmoja. Na usibanane kwa ofisi za kaunti tu kisa mjomba yuko huko: kuna KMFRI, kuna KEMRI-Wellcome wa utafiti wa afya hapo hapo Kilifi mjini, kuna KWS, wale wa wanyamapori, kule Watamu kwa hifadhi ya bahari, wa kilimo wana kituo cha utafiti cha KALRO Mtwapa ambako minazi na mikorosho inafanyiwa kazi. Mtoto wa Nairobi anapanga nyumba ndio aje atachimenti huku, wewe unatoka kwa mamako asubuhi na mahamri tumboni.

Na wazazi wanaosoma hii, tafadhali, shamba lisiuzwe kwa ajili ya karo. Nimeona ekari za Chonyi zikienda kwa bei ya kutupa na mtoto hata HELB, mkopo wa serikali wa wanafunzi, hajaomba. Aombe HELB, aombe basari ya kaunti kupitia wadi, aombe na ya CDF, mfuko wa eneo bunge, fomu zinajazwa mapema na nakala ya kila kitu inabaki nyumbani kwa bahasha. Vyuo vya umma navyo vina shida zao, pesa za serikali zinachelewa, wahadhiri wanagoma, miaka minne inaweza kuvutika, hilo lipangie bajeti kabisa usije ukashtuka.

Na ile karatasi ya kuwarudishia wavuvi matokeo: ukurasa mmoja, usiweke majedwali, anza na kile walichokuuliza wao, peleka nakala kwa BMU na nyingine kwa afisa wa uvuvi, na kama mkutano wenyewe unaenda kwa Kigiriama basi soma kwa Kigiriama. Mwisho andika namba yako ya simu. Watapiga. Mimi bado napigiwa, ingawa siku hizi mara nyingi si mambo ya samaki, ni mtu ana mtoto amepata C+ anauliza aombe kozi gani.