Taa ya Chungwa Haingoji Bajeti

*Maswali ya wasomaji. Anayejibu ni mhandisi wa seva na mitandao.*

SWALI: Shikamoo fundi. Ofisini kwetu kuna seva yenye diski tano za terabaiti 8 kila moja, zimepangwa kwa RAID 5, yaani zimeunganishwa zifanye kazi kama diski moja. Wiki ya pili sasa diski moja inawaka taa ya rangi ya chungwa, lakini mafaili yote yanafunguka kama kawaida. Mkuu wangu anasema tungoje bajeti ijayo kwa sababu RAID ndiyo bakapu yetu, nakala yetu ya akiba. Mimi ni mgeni kazini, sina ubavu wa kumbishia. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kabla hujamaliza kusoma, tafuta diski ya nje iliyo nzima uanze kunakili yale yasiyoweza kutengenezwa upya: hesabu, mishahara, mikataba. Ikishaanza kunakili, rudi hapa tuzungumze.

RAID 5 hutawanya data kwenye diski zote, na kwa kila fungu huandika hesabu moja ya ziada. Chukulia una namba 3 kwenye diski ya kwanza, 5 kwenye ya pili, na jumla yake, 8, kwenye ya tatu. Ikipotea ile 5, unachukua 8 unatoa 3, umeipata. Hesabu ya seva ni ya aina nyingine, ila mantiki ndiyo hiyo. Ndiyo sababu diski zenu tano zinawapa nafasi ya diski nne tu, terabaiti 32, na ndiyo sababu mafaili bado yanafunguka: seva inakokotoa upya sehemu iliyopotea na diski hiyo ya taa ya chungwa kila mnapoihitaji. Ikifa ya pili, unabaki na 8 peke yake. Ilikuwa 3 na 5, au 1 na 7? Hakuna wa kukuambia.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye matengenezo yenyewe. Diski mpya ikiingia, seva italazimika kusoma diski nne zilizobaki tangu mwanzo hadi mwisho ili iijaze. Terabaiti 8 kwa mwendo wa megabaiti 150 kwa sekunde ni karibu saa 15 mfululizo, na watu wakiwa wanaendelea na kazi muda huo hurefuka sana. Diski hizo nne, bila shaka, zilinunuliwa siku moja na ile iliyokufa. Zimezunguka saa zilezile, kwenye joto lilelile. Ukiwa na diski iliyokuwa inajikongoja kimyakimya, itaangukia hapo. Kwa hiyo nakala kwanza, diski baadaye.

Na ukifika wakati wa kuchomoa, chomoa polepole. Mwaka wangu wa tatu kazini programu iliniandikia kwamba diski namba 3 imekufa. Nikahesabu kwa kidole kutoka kushoto, moja, mbili, tatu, nikaivuta. Seva ile ilikuwa inahesabu kuanzia 0. Niliyoivuta ilikuwa namba 2, nzima kabisa, na mafaili ya ofisi nzima yakatoweka mchana kweupe. Nikairudisha kwa pupa, kidhibiti, kifaa kinachosimamia diski, kikaniuliza swali, nikabonyeza ndiyo bila kulisoma hadi mwisho. Kilikuwa kinaomba ruhusa ya kufuta diski zote na kuanza upya.

Bakapu ilikuwepo. Ripoti yake ilisema "imefaulu" kila usiku. Tulipoifungua tukakuta folda isiyo na kitu: miezi kadhaa nyuma mtu alikuwa amehamishia mafaili mahali pengine, na bakapu ikaendelea kunakili pale pa zamani. Tuliokoteza data kwenye kompyuta ya mtu mmoja mmoja na kwenye viambatisho vya barua pepe kwa wiki tatu. Mhasibu mmoja aliandika upya hesabu za miezi minne kutoka kwenye risiti za karatasi. Hakunigombeza hata siku moja, na hilo liliniuma zaidi.

Tangu hapo sichomoi diski kwa kuhesabu. Nasoma namba ya utambulisho kwenye programu, naiamuru seva imulike taa ya diski hiyo, kisha nalinganisha na namba iliyo kwenye lebo. Na wewe fanya hivyo. Diski mpya iwe na ukubwa uleule au zaidi. Ukimaliza, washa tahadhari za barua pepe, maana taa iliyoko ndani ya chumba kilichofungwa haimwambii mtu kitu. Mkinunua seva nyingine, ombeni RAID 6, inayostahimili vifo vya diski mbili.

Kwa mkuu wako sema hivi: RAID inatukinga diski ikifa. Mtu akifuta faili kwa bahati mbaya, RAID inalifuta pamoja naye kwenye diski zote. Virusi vikifunga mafaili kwa nywila, RAID inayahifadhi vilevile yalivyofungwa. Machi 10, 2021 moto uliteketeza jengo la seva la OVH, kampuni inayokodisha seva, mjini Strasbourg, Ufaransa, na wako wateja ambao data yao haikurudi tena. Sisi wa kazi hii tunashika kanuni ya nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya jengo. Mimi naongeza la nne: kila mwezi chagua faili moja, lirudishe kutoka kwenye bakapu, ulifungue, ulisome kwa macho yako.

SWALI: Nimefunga kamera kwenye ghala. Zote ni nzima isipokuwa ya mwisho, inazimika na kuwaka, hasa usiku. Nimebadilisha kamera mara mbili. Waya wake una mita 130 hivi.

JIBU: Kamera zote mbili pengine hazina kosa. Waya wa shaba wa mtandao mwisho wake ni mita 100: 90 za ukutani na 10 za vipande vya kuunganishia. Usiku kamera huwasha taa zake za kuonea gizani, inahitaji umeme zaidi, na umeme huo unapitia waya uleule mrefu. Weka swichi ndogo ya mtandao, kile kisanduku cha kuunganishia nyaya, yenye kutoa umeme katikati ya safari, au vuta nyuzi za kioo (fiber) na kuipa kamera umeme wake. Chuna pia kipande cha waya ukikwaruze kwa kisu. Ukiona weupe chini ya wekundu, umeuziwa aluminiamu iliyopakwa shaba, ung'oe.

SWALI: Shikamoo mama. Nimemaliza shule, napenda vyuma vya kompyuta kuliko kuandika programu. Kaka yangu anasema kazi hii ni ya kubeba mizigo, haimfai msichana, na tena wingu limeshaiua. Niache?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Usiache.

Wingu ni seva za mtu mwingine ndani ya jengo la mtu mwingine, na humo kuna anayebadilisha diski, anayevuta nyaya, anayeziba mianya ili hewa moto isirudi mbele ya mashine. Kuhusu mizigo, seva iliyojaa diski hufika kilo 30 na hupandishwa na watu wawili, wawe wanaume au wanawake. Ukimwona mwanamume anaipandisha peke yake, ujue anahatarisha mgongo wake na mali ya watu.

Kisha mweleze kaka yako habari za Radia Perlman. Zamani ukiunganisha swichi mbili kwa nyaya mbili, ujumbe ulizunguka humo bila kikomo hadi mtandao mzima ukaganda. Mwaka 1985, akiwa Digital Equipment Corporation, mama huyo alibuni njia ya vifaa hivyo kukubaliana vyenyewe ni waya upi ulale na upi ufanye kazi. Mitandao mingi bado inaitegemea.

Anza na kompyuta mbovu yoyote. Ichomoe kwenye umeme, gusa chuma cha kasha kabla hujagusa bodi, na uendelee kukigusa kila baada ya muda. Mwili wako ukiwa na volti 2,000 za umeme tuli hutahisi kitu chochote, wakati chini ya 100 zinatosha kuharibu baadhi ya vipuri. Ifungue yote, piga picha kila hatua, irudishe, iwake. Halafu nunua koleo la kubania viunganishi na mita chache za waya. Mpangilio wa rangi za nyaya ndani ya kiunganishi, uitwao T568B, vipini vya dhahabu vikikutazama na waya ukishuka chini, kutoka kushoto ni: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Viunganishi viwili vya kwanza utaviharibu. Kata, bana tena.