Mieleka iliyomo ndani ya neno reluctant

"Binti alikataa kuuza kiwanja." Sentensi hiyo niliiandika mimi, na ikanifikisha kwenye kikao cha familia isiyo yangu.

Ilikuwa tafsiri ya barua ya wakili, ukurasa mmoja na nusu wa Kiingereza. Wakili alisema binti alikuwa reluctant, yaani moyo haumpi kuuza. Mimi, saa tano usiku, macho mazito, nikaandika "alikataa". Baba yake mkubwa, mzee anayesoma neno kwa neno huku kidole kikitangulia, akaniuliza: "Mwanangu, kama alikataa, hii sahihi hapa chini ni ya nani?" Binti mwenyewe alikuwa kwenye kona ya mkeka, kimya. Alisaini. Ila alisaini kwa shingo upande, na mimi nilikuwa nimemgeuza mkaidi mbele ya wazee wake.

Tangu hapo neno hilo silipiti haraka. Limetoka kwenye kitenzi cha Kilatini reluctari. Luctari ni kupigana mieleka, na re ya mbele inaleta upinzani: unasukumwa, nawe unasukuma. Lilipoingia Kiingereza, katikati ya karne ya 17, lilikuwa bado na jasho la uwanjani. Katika Paradise Lost, utenzi wa John Milton uliotoka mwaka 1667, Shetani anageuzwa nyoka na kuanguka kifudifudi akiwa reluctant. Si kwamba hapendi tu. Anapambana kwa mwili mzima, japo bure. Baadaye mieleka ikahamia moyoni, na wasemaji wengi wakasahau kwamba iliwahi kuwa na vumbi. (Wa umeme wana lao: mwaka 1888 mwanafizikia Oliver Heaviside aliita reluctance ule ukinzani ambao mkondo wa sumaku hukutana nao njiani. Ukilikuta kwenye kitini cha mota, usitafute moyo wa mtu humo.)

Kwa hiyo, kabla hujaandika chochote, uliza mieleka iliishaje. Alifanya? Basi ni shingo upande, na sioni kwa nini tutafute kingine wakati tuna picha nzuri kuliko ya Kilatini. Bado hajafanya? Amekuwa mzito, anajivuta, moyo haumpi. "Alikataa" ni la mtu aliyekwisha kutoka uwanjani. "Kusitasita" nalo linateleza, kwa sababu anayesita huenda hajui anachotaka, na yule binti alijua kabisa. Ajizi na uvivu ndiyo usiviguse kamwe. Mvivu hapigani na kitu.

Kuna pia loath, neno la zamani zaidi ambalo Kiingereza kimezaliwa nalo. Hapo kale lilibeba chuki na uadui. Leo limepoa, lakini ukisoma kwamba mtu ni loath kufanya jambo, mpe kinyongo kidogo, shingo upande haitoshi. Usilichanganye na loathe yenye e mwishoni, ambayo ni kuchukia hasa. Reticent nayo wengi siku hizi huitumia mahali pa reluctant, hata Waingereza wenyewe. Asili yake ni kunyamaza, kwa hiyo mimi humwandika mtu huyo kuwa msiri au mgumu wa kusema, mpaka sentensi inilazimishe vingine.

Reluctant iliyonitesa kuliko zote ilikuwa kwenye hadithi fupi: mama amemkasirikia mwanawe, mtoto anafanya kituko, mama anatoa tabasamu ambalo mwandishi aliliita reluctant. Nilijaribu "tabasamu la shingo upande", likawa kama la mtu aliyepigwa na kiharusi. "Alitabasamu bila kupenda" likanuka unafiki. Siku ya tatu nikarudi uwanjani: ni nani aliyekuwa anapigana na nani? Mama na mdomo wake. Na mama ndiye aliyeangushwa. Nikafuta yote, nikaandika: tabasamu likamponyoka.