Usiulize kama inatoa makaa, uliza inakula nini

Wewe wa Mokowe uliyeuliza kuhusu mashine ya makaa ya dola 1,900 kutoka Uchina: usitume hiyo pesa. Nilikuwa nasoma vizuri tu mpaka nikafika pale uliposema muuzaji "amenihakikishia inatoa makaa mazuri", chai ikanipalia. Ni maneno yale yale niliyoandikiwa mimi mwaka 2021. Nadhani wana karatasi moja wanayonakili.

Umesema una vifuu vya nazi, unachoma kwenye pipa, unasaga, sasa unataka mashine ya kufinyanga ule unga. Ndivyo nilivyokuwa mimi hapa Malindi. Vifuu bwerere, wakuna nazi wanakushukuru ukiwaondolea. Na serikali ilipofunga ukataji miti kwenye misitu ya umma mwaka 2018, kila mwenye pipa pwani hii alishajiona tajiri. Mimi nikiwa mbele yao.

Sasa sikiliza, maana hili ndilo lililonimaliza. Huko wanakotengeneza, "mashine ya makaa" ni jina la mashine mbili tofauti kabisa. Ya kwanza inakula vumbi la mbao, tena kavu, unyevu usizidi kama asilimia 12. Ina skrubu inayolisukuma vumbi ndani ya bomba lililozungushiwa pete za stima, zinachemka mpaka karibu nyuzi 300. Moto ule na mgandamizo unalainisha lignini, yaani gundi ya asili iliyo ndani ya mti, vumbi linajishika lenyewe. Kinatoka kigogo kizuri chenye tundu katikati. Lakini hicho ni KUNI, yakhe! Ukitaka makaa, ukakichome tena kwenye tanuri.

Ya pili haina moto. Inakula unga wa makaa yaliyokwisha kuiva, umeloweshwa na kukandwa na uji wa muhogo, inausukuma utoke kama tambi nene, unakata, unaanika juani.

Mimi mwenye unga wa makaa nilinunua ya kwanza. Lignini ya kifuu inaungulia kwenye pipa siku ile ile unapokichoma. Ukiutia unga wake kwenye lile bomba la moto, hakuna cha kuushikisha. Ni kama kufinyanga chungu kwa mchanga wa ufuoni.

Sikujua. Kreti lilipofika tukalipasua kwa shangwe, mama watoto akafukiza ubani. Fundi wa stima akaja, akatazama kibati cha mota, akanitazama mimi. Fezi tatu, ile stima ya viwanda na karakana. Nyumbani kwangu fezi moja. Ikabidi niipakie mkokoteni niipeleke karakana ya mbao ya shemeji yangu, yeye ana fezi tatu. Tukaiwasha, pete zikaiva nyekundu, nikatia unga mkavu. Ukatoka unga mkavu, tena una cheche. Shemeji akasema labda unataka maji. Nikaulowesha, nikatia debe moja.

Maji ndani ya bomba la nyuzi 300, wewe mwenyewe piga hesabu. Kwanza ikanguruma kama tumbo la mwenye njaa, halafu mvuke ukafyatua ule uji mweusi kutoka mdomoni mpaka ukutani. Ilikuwa Ijumaa, kama saa sita. Mzee mmoja alikuwa anakatiza kuelekea msikitini na kanzu yake nyeupe, imepigwa pasi. Kanzu nilinunua. Mpaka leo nikikutana naye ananyoosha vidole viwili mbele yake, ishara ya nisogee mbali.

Na wala si Mchina aliyeniuma zaidi. Nilimuuliza "inatoa makaa?" akasema ndiyo, na kwa jinsi wao wanavyoiita, hakusema uongo. Aliyeniuma ni Mkenya mwenzetu, bingwa wa video, aliyeniuzia "mafunzo ya uwekezaji wa makaa" kwa shilingi 3,500. Nilimuuliza waziwazi kama kuna aina tofauti. Akanijibu mashine zote ni moja, tofauti ni rangi na bei. Kwenye video amevaa helmeti ambayo bado ina nailoni ya dukani! Hajawahi kushika makaa yule, labda ya kuchomea mahindi. Niliporudi kumuuliza akanizuia nisimwandikie tena, na sasa naona anauza mafunzo ya kufuga sungura. Mungu awasaidie sungura.

Kwa hiyo: USIULIZE INATOA NINI, ULIZA INAKULA NINI. Mwandikie muuzaji: nina unga wa makaa ya vifuu, umelowa, umechanganywa na uji wa wanga, nataka kuuona ukiingia kwenye mashine hii hii. Akupigie simu ya video, si kukutumia video iliyorekodiwa. Auchote ule unga mbele ya macho yako, autie mkononi, aufinye uone unavyoshikana, autie mdomoni mwa mashine, nawe uone kinachotoka upande wa pili. Akileta visingizio, kwamba leo fundi hayupo au ghala limefungwa, achana naye. Akikubali, hayo maneno "unga wa makaa ya vifuu" yaandikwe kwenye ankara kabla hujalipa amana. Mimi ankara yangu imeandikwa "mashine ya makaa" tu, kwa hiyo hata wa kumlaumu sina.

Hiyo ya gharama nyingine uliyouliza: bei aliyokupa ni ya mlangoni mwa kiwanda au mpaka Mombasa? Wauzaji wengi wa hizi mashine wako Zhengzhou, na kule ni bara, bahari iko mbali. Mimi lori la kufika bandarini nililipa mwenyewe. Nauli ya meli nikaiona rahisi, kumbe ukichangia kontena na wengine, urahisi huo unaulipia Kilindini kwenye ada za huyo mwenye kontena. Halafu VAT ya asilimia 16 inapigwa mpaka juu ya nauli na ushuru. Cheti cha ukaguzi cha KEBS, lile shirika la viwango la Kenya, kinatoka huko huko kabla mzigo haujapakiwa, muuzaji asikwambie kitashughulikiwa huku. Mashine yangu ya dola 1,850 ilifika Malindi imekaribia mara mbili yake.

Ninachotumia sasa? Fundi wa jua kali wa hapa alinitengenezea skrubu ndani ya bomba la chuma, mota ndogo ya fezi moja, mfano wa kinu cha kusagia nyama. Kelele zake si za mchezo, lakini inakula unga wangu. Ikivunjika naenda kwa miguu kumgombeza.

Ya leseni na soko la Lamu uliyouliza, watakujibu wengine, mimi nimeshapandwa na hasira. Ila kama unayo vumbi la mbao kavu na fezi tatu, ile yangu bado ipo kwa shemeji. Kuku ametagia ndani ya hopa, pale pa kutilia vumbi, lakini tutaelewana naye.