Ukienda Kuhesabiwa Moshi, Panga Jiko Kwanza

Ikifika katikati ya Desemba utani ni ule ule: Wachaga wanakwenda kuhesabiwa, yaani wanarudi kwao Kilimanjaro kwa sikukuu. Dar inaanza kupumua, na tiketi za Moshi pale Kituo cha Magufuli, Mbezi, zinatafutwa kwa udi na uvumba. Mimi si Mchaga. Ni Mbondei wa Muheza niliyeolewa Marangu, kwa hiyo haya nayaandika kama mtu aliyeingia jiko la watu akakaa humo. Nawaandikia wakwe wapya na marafiki mliokaribishwa sikukuu. Nawaandikia pia ninyi watoto wa nyumbani mnaoshuka kwenye gari mkiuliza, "Mama, kuna nini cha kula?"

Wiki ya Krismasi kule mlimani ni raha tupu, ila raha yenyewe inaliwa, na kinacholiwa kinapikwa na mtu. Wakati ninyi mnapiga soga chini ya migomba, kuna mtu yuko jikoni tangu alfajiri, na mara nyingi mtu huyo ni mama mkwe wako au mke wa yule mtoto wa mwisho anayeishi pale nyumbani. Ukitaka wiki iishe watu wakiwa bado wanapendana, lipangeni jiko kabla hamjaondoka Dar.

Sisi tunaanzia kwenye kundi la WhatsApp la familia. Kila nyumba inachukua siku yake: siku hiyo wao ndio wanapika, wanaosha vyombo na wanabeba gharama ya mboga. Vitu vikubwa kama mbuzi, gunia la mkaa na mchele vinachangiwa, na fedha zinakaa kwa mtu mmoja. Mchagueni yule asiyeona haya kudai. Kwetu ni wifi yangu mkubwa, ambaye akikutumia ujumbe wa "shikamoo" ujue unadaiwa, maana yeye ndiye wa kuamkiwa. Ambaye mwaka huu mambo hayajamkalia vizuri asibaki mjini kwa aibu. Aje, achote maji, apasue kuni, achune mbuzi. Hakuna mwenye haja ya kujua nani alitoa ngapi.

Kuhusu mizigo, tafadhali, usipeleke ndizi Moshi. Nimewahi kumwona mtu akifanya hivyo. Maziwa, parachichi, mboga na mbuzi vyote viko huko huko. Wewe beba mafuta ya kula, sukari, sabuni, viungo vya pilau na nazi. Nazi hasa. Mnazi hauoti mlimani, na siku yangu ya zamu napika wali wa nazi na maharage ya nazi, na watoto wa shemeji wanakwangua sufuria mpaka naogopa litatoboka. Kama unatoka sehemu nyingine, peleka cha kwenu. Jiko la ukweni halikatai chakula cha mgeni, linataka tu mgeni akipike mwenyewe.

Safari ni kama kilomita 560, na anayekwenda Marangu hana haja ya kufika Moshi mjini kisha arudi nyuma. Basi la Dar linapita Himo kwanza, shukia hapo. Beba sweta na viatu vya tope, maana Desemba ya Marangu mvua inaweza kukukuta bila taarifa na ule udongo unateleza kama sabuni.

Mbege, pombe ya ndizi ya Wachaga, inataka taarifa mapema. Watu wa mjini wanadhani inanunuliwa tu kama soda. Ndizi zinaivishwa kwanza, zinachemshwa muda mrefu hadi zibadilike rangi kuwa nyekundu nyekundu, zinaachwa siku kadhaa, kisha zinakamuliwa na kuchujwa. Hapo ndipo unaongezwa mso, yaani uji wa ulezi uliooteshwa na kusagwa, pamoja na gome la msesewe kwa ajili ya uchungu wake. Kwa hiyo anayeitaka mezani tarehe 25 ampigie bibi simu zaidi ya wiki moja kabla, tena aulizie na fedha za ulezi. Wewe usiyekunywa usitoe hotuba. Kata ya mbege ikikufikia, ipokee kwa mikono miwili, mpe wa pili, endelea na stori.

Mtori, yaani supu nzito ya ndizi na nyama, nao una kazi yake. Unatumia ndizi za mshare, na utomvu wake ukikauka mikononi hautoki leo wala kesho. Paka mafuta ya kula viganjani na kwenye kisu kabla hujaanza, na kila ndizi uliyomenya itie kwenye beseni la maji isigeuke nyeusi. Nyama iwe ya mifupa, ichemke pekee mpaka ilegee, ndipo ndizi zifuate, zipondwe kwa mwiko pale pale sufuriani. Mama mkwe alikuwa ananitazama navyomenya, maganda yangu mazito kama soli ya kiatu, akaniuliza kwa upole kabisa: "Mama Neema, hizo ndizi unazimenya au unazichonga?" Wifi zangu walicheka hadi mmoja akakaa chini. Cheka nao. Ukinuna siku ya kwanza, utakuwa mgeni wiki nzima.

Wanaume waachieni mbuzi. Ni kazi ya asubuhi nzima, nusu yake ni ubishi wa nani anajua kuchuna. Kila ukoo una taratibu zake za kidari kinakwenda kwa nani na kichwa kwa nani, kwa hiyo mkwe mpya asinyooshe mkono kabla hajapewa. Kama umekuja na rafiki, mwambie mapema kwamba kisusio ni supu yenye damu ya mbuzi. Ni tamu, lakini si haki mtu aambiwe akiwa ameshamaliza bakuli. Na mkiwa na mgeni Mwislamu, ulizeni mapema nani atachinja, na sufuria yake iwe mbali na mambo ya mbege. Hilo linapangwa kwa simu moja tu, na linamfanya mtu akae kwa amani.

Tarehe 26 kwetu jiko halikoki zaidi ya chai. Tunapanda mlima kusalimia: baba mkubwa, mashangazi, jirani aliyesoma na mume wangu. Kila nyumba utakaa, na kila nyumba utakula. "Nimeshiba" si jibu linalokubalika. Nyumba ya kwanza onja vijiko vitatu, sifu, omba ufungiwe kidogo uondoke nacho. Waliokula kwa bidii pale wanaonekana nyumba ya tatu wanatembea wameshika mgongo. Weka noti ndogo ndogo mfukoni kwa ajili ya bibi na watoto, na uzitoe kimya kimya, mmoja mmoja. Ukitoa hadharani utazungukwa na watoto ambao hata si wa ukoo.

Kikao cha familia nacho hakikwepeki, maana ndio wakati pekee wote mko kihambani, kwenye shamba la ukoo. Mambo ya mpaka wa shamba, ada ya mtoto wa marehemu na makaburi yaongelewe asubuhi baada ya chai, kabla ya mbuzi, na kabla kabisa ya mbege. Mkingoja jioni, jambo la nusu saa litakwenda mpaka usiku na kuna mtu atakumbushia ng'ombe wa mwaka 1987.

Tiketi ya kurudi ikate ukiwa bado Dar. Mama mkwe atakupa mkungu mzima wa ndizi, huo hauna mjadala. Mwombe shemeji akate vichane, avipange kwenye kiroba na majani makavu katikati, juu yake parachichi ambazo bado ngumu. Mkungu mzima kondakta atautoza kama abiria, na pale Himo hakuna nafasi ya kubishana naye.