Tenki halifiki siku ya nne na bili inapanda: pima kwanza kabla ya kuwabana watoto

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini tenki la lita 2,000 haliwafikishi siku ya nne nyumbani mlio watu sita, na kama dawa ni kuwapunguzia watoto maji ya kuoga. Nakujibu kwa sababu nilianzia hapohapo ulipo. Mimi nakaa Kimara, Dar es Salaam, tuko saba pamoja na mama mkwe, na kwa karibu miezi minne niliwagombeza wanangu kila asubuhi kwa maji ambayo hawakuyatumia. Mpaka leo nikikumbuka naumia.

Tuanze na hesabu yako. Lita 2,000 kwa siku tatu kwa watu sita ni kama lita 111 kwa kichwa kila siku. Shirika la Afya Duniani hutaja lita 50 hadi 100 kwa mtu kwa siku kuwa zinatosha mahitaji mengi ya nyumbani. Umesema mnaogea ndoo na mnafua kwa mikono. Kwa maisha hayo 111 ni nyingi mno, na mimi nashuku kuna maji yanaondoka bila kupita mkononi mwa mtu.

Kipimo cha kwanza ni mita. Chagua usiku ambao maji ya mtaani yanatoka, maana siku ya mgao kipimo hiki hakikuambii kitu. Tenki likishajaa na watu wamelala, andika namba zote, hata zile nyekundu za mwisho. Kwenye mita nyingi za huku namba nyeusi ni uniti, yaani lita elfu moja moja, na nyekundu ni vipande vya uniti. Alfajiri, kabla mtu hajaingia chooni, soma tena. Zikiwa zimesogea, maji yanakwenda mahali. Hapo sasa utafute ni kabla ya tenki au baada yake.

Mimi nilifunga koki inayoingiza maji kwenye tenki, nikazamisha ufito mkavu hadi chini na kuweka alama pale ulipolowa. Asubuhi nikazamisha tena: maji yameshuka sentimita 6. Tenki langu la lita 1,000 lina upana wa mita 1.1 hivi, kwa hiyo kila sentimita ni kama lita 9 na nusu. Lita 57 zimeondoka kwa saa nane, watu wote wakiwa kitandani! Ukiipigia hesabu mchana na usiku kwa mwezi mzima ni uniti 5 na zaidi. Nilikuwa nalipia maji ya mtu mwingine kabisa asiyekuwepo ndani ya nyumba. (Kama wewe ukifunga koki hiyo tenki halishuki ila mita bado inazunguka, tafuta kwenye bomba la ardhini. Angalia palipo na majani mabichi wakati wa kiangazi. Na kama mita ilikuwa inasogea koki ikiwa wazi tu, panda juu utazame boya. Likichakaa halifungi, maji yanamwagikia nje usiku kucha.)

Yangu yalikuwa yanapotelea choo cha ndani. Hakuna aliyesikia mchirizi, sakafu ilikuwa kavu. Raba ya chini ndani ya tenki la flashi ilikuwa imekakamaa, maji yakawa yanapenya taratibu na kuteremka kwenye sinki la choo. Kuijua ni rahisi: tia rangi ya keki ndani ya tenki la flashi, kaa nusu saa bila mtu kuflashi, kisha chungulia sinki. Rangi ikishuka, raba imekwisha. Fundi wa kwanza niliyemwita aliniambia nibadilishe choo kizima. Wa pili alibadilisha raba, na raba na ufundi wake kwa pamoja havikufika elfu ishirini. Mwezi uliofuata bili ilishuka bila mtu yeyote kubadili tabia.

Kwa hiyo naomba sana, watoto waache kwanza. Ziba mianya, halafu ndipo uangalie matumizi.

Kwenye matumizi, choo bado ndicho kinachokula zaidi. Tenki za flashi za zamani zinamwaga lita 9 au zaidi kwa mkupuo mmoja, hata kwa haja ndogo. Nilitumbukiza chupa ya lita moja na nusu iliyojaa maji ili tenki lijaze kidogo. Haikufaa: uchafu haukuondoka, watu wakawa wanaflashi mara mbili. Nikaweka ya lita moja, ikakaa sawa. Usiweke tofali, linamomonyoka na mchanga wake unaharibu hiyo raba uliyotoka kuinunua. Ila kinachookoa zaidi kwangu ni maji ya suuza ya mwisho ya nguo. Siku ya kufua yanajaa madumu mawili, yanakaa chooni, na tunamwagia kwa ndoo. Yanayobaki yanadeki baraza.

Jambo jingine nililolipima ni udhu. Niliweka beseni chini ya koki wanangu wakitawadha: kila mmoja alimwaga kama lita 6. Mama mkwe anatawadha kwa birika, na halimalizi lita moja. Tumefundishwa kwamba Mtume alitawadha kwa mudi moja, yaani viganja viwili vilivyojaa, kwa hiyo bibi hakuwa bahili, alikuwa anafuata mafunzo. Nilinunua mabirika mawili ya plastiki. Wala sikuhitaji kuhutubia mtu, bibi mwenyewe aliwaonyesha.

Maji ya kuoshea mchele na mboga mwagia miche. Yaliyotiwa jiki usimwagie.

Mvua nayo usiiache ipite. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Bati langu upande wenye gata ni mita 40 za mraba. Mvua ya milimita 20, ambayo kwa masika ni ya kawaida, inanipa lita 800 kasoro zinazoruka pembeni. Ile ya dakika za mwanzo iache ioshe vumbi na kinyesi cha ndege, ndipo uelekeze bomba kwenye pipa. Maji hayo kwetu ni ya kufulia, kudeki na chooni, hatunywi. Na pipa lifunikwe kabisa, kitambaa kifungwe kwa mpira, kwa sababu mbu wa dengi anazaliana kwenye maji safi yaliyotuama. Dengi ililipuka Dar mwaka 2014 na ikarudi 2019, hatuhitaji kuilea nyumbani.

Mto Ruvu, unaoleta maji ya Dar, ulipopungua mwishoni mwa 2022 na mgao ukaja, niliona majirani wakibana hata maji ya kunawa. Hapo mimi sibani. Kunawa kwa sabuni ukitoka chooni na kabla ya kula, kuosha vyombo vya mtoto mchanga, na maji ya mabinti wakiwa kwenye hedhi, hayo yatoke hata kama itabidi ninunue boza. Kipindupindu hakilipiki kwa uniti mbili.

Sasa nyumba yetu inatumia lita 60 hivi kwa mtu, na watoto wanaoga ndoo nzima kama zamani. Wewe leo usiku soma mita, kesho alfajiri soma tena, halafu niandikie hapa namba zote mbili pamoja na saa ulizosoma. Kama zimesogea, sema pia choo chenu ni cha flashi au cha kumwagia, nikuelekeze pa kuanzia.